Kuendesha michezo ya zamani kwenye Windows ya sasa

Kabla hujagusa mpangilio wowote, jua kwanza mchezo wako ni wa jamii gani. Wengi hukimbilia kubofya kulia na kuchagua upatanifu wa Windows 95, kumbe mchezo wenyewe ni wa DOS, mfumo uliotangulia Windows, na mpangilio huo hauusaidii kitu. Windows ya biti 64 haina tena sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za biti 16, na Windows 11 haitolewi kabisa kwa biti 32.

Fungua faili la .exe kwa programu ya kusoma heksi, kama HxD. Herufi mbili za mwanzo zitakuwa MZ karibu kila mara. Shuka mistari michache: ukikuta PE, mchezo ni wa Windows 95 au baadaye. NE ni Windows 3.1. Ukikuta LE au maneno DOS/4GW, au usipokuta alama yoyote kati ya hizo, ni DOS.

Michezo ya DOS ndiyo rahisi kuliko yote, kwa sababu programu ya DOSBox huiga kompyuta nzima ya zamani. Weka mchezo kwenye folda yenye jina lisilozidi herufi 8, bila nafasi, mfano C:\MICHEZO\MBIO. Jina refu litakatwa na kuonekana kama MCHEZO~1. Kisha andika ndani ya DOSBox:

mount c c:\michezo
c:
cd mbio
setup

Usiruke setup. Hapo ndipo unapochagua kadi ya sauti: Sound Blaster 16, anwani 220, IRQ 7, DMA 1, ambazo ndizo namba za kadi inayoigwa na DOSBox. Michezo mingi hudhani IRQ ni 5, na matokeo yake ni ukimya, au mchezo kuganda sauti ya kwanza inapotakiwa kulia.

Kama mchezo unataka CD na una nakala ya diski hiyo kama faili, tumia imgmount d c:\michezo\diski.cue -t iso. Chagua .cue pamoja na .bin yake, si .iso, kwani .iso hubeba data tu. Nyimbo zilizorekodiwa kwenye diski kama muziki wa kawaida zitapotea, na utacheza mchezo mzima bila kujua kwamba una muziki.

Kasi ndiyo inayowasumbua watu zaidi. Michezo mingi ya zamani haikuwa na saa yake; ilikwenda kwa mwendo wa prosesa. Ikikimbia kupita kiasi, bonyeza Ctrl+F11 kupunguza mizunguko (cycles), yaani kasi ya prosesa inayoigwa. Ikikwama, Ctrl+F12 kuongeza. Anzia cycles=3000 na upande taratibu. Ujumbe "Runtime error 200" hutokana na ugonjwa huohuo: programu iliyoandikwa kwa lugha ya Pascal ya kampuni ya Borland hupima kasi ya prosesa inapoanza, na kwenye mashine ya haraka hesabu hiyo hufurika. Shusha mizunguko, itafunguka. Ukiridhika, andika amri zako chini ya [autoexec] katika faili la mipangilio ili usizirudie kila siku.

Kwa michezo ya Windows 3.1, otvdm, programu inayoendesha programu za Windows za biti 16 kwenye Windows ya biti 64, inatosha mara nyingi.

Michezo ya Windows 95 hadi XP ina vikwazo vyake. Mara nyingi mchezo ni wa biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, hivyo hukwama hata kabla ya kuanza. Jaribu kukiendesha kwa otvdm. Sakinisha kwenye C:\MICHEZO, si Program Files, ambako Windows huzuia mchezo kuandika na kuyahamishia mafaili yako ya mchezo uliohifadhiwa (save) kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore. Endesha optionalfeatures, fungua Legacy Components, weka tiki kwenye DirectPlay, sehemu ya zamani ya Windows ambayo baadhi ya michezo huidai. Ukidaiwa faili linaloanza na d3dx9, sakinisha DirectX ya Juni 2010 kutoka Microsoft. Usipakue dll mojamoja kutoka tovuti usizozijua.

Rangi zikiharibika au skrini ikiwa nyeusi, dgVoodoo2, programu inayotafsiri amri za zamani za michoro kwa kadi za sasa, ndiyo dawa yetu ya kwanza. Nakili DDraw.dll na D3DImm.dll kutoka folda ya MS\x86 uziweke kando ya .exe ya mchezo. Kwa mchezo wa Direct3D 8 au 9, chukua D3D8.dll au D3D9.dll. Ukichukua za x64 (biti 64), hakuna kitakachobadilika, maana mchezo ni wa biti 32.

Mchezo ukidai diski iliyomo tayari, au ukijifunga bila neno, shuku SafeDisc, kinga ya zamani dhidi ya kunakili diski. Windows 10 haikubali tena dreva yake, secdrv.sys, kwa sababu za usalama, nasi tunakushauri usiirudishe kwa nguvu. Tafuta kiraka rasmi kinachoondoa ukaguzi wa diski, au toleo jipya linalouzwa kwenye duka la mtandaoni la GOG.

Yote yakishindikana, sakinisha Windows 98 ndani ya 86Box, programu inayoiga kompyuta nzima ya zamani. Huiga hata kadi ya michoro ya Voodoo, ila inahitaji prosesa ambayo kiini chake kimoja kina nguvu sana. Ukisikia sauti inakatikakatika, chagua prosesa ya Pentium yenye kasi ndogo zaidi kwenye mipangilio ya 86Box.