Siti ya dirishani Dodoma–Dar: kaa upande gani uione Uluguru

Watu wengi wakisafiri na ndege kutoka hapa Dom wanamwambia dada wa kaunta "nipe dirishani" basi wameridhika, kumbe wamepewa dirisha la upande usio na kitu na milima ya Uluguru inapita nyuma ya migongo yao. Dirisha peke yake halitoshi jamani. Anza na upande, namba ya siti inafuata.

Fungua ramani kwenye simu, vuta mstari kutoka Dodoma mpaka Dar. Ndege inaelekea mashariki na kusini kidogo, yaani kushoto kwako ni kaskazini na kulia ni kusini. Milima ya Ukaguru kule Gairo inakaa karibu sana na mstari wenyewe, rubani akisogea kidogo tu inahamia upande mwingine, kwa hiyo hiyo usiitegemee. Uluguru ndo yenyewe, iko kusini ya mstari, vilele vyake vinapita mita 2,600 na chini yake ndo Morogoro mjini na bwawa la Mindu. Kwa hiyo ukienda Dar kaa KULIA, ukirudi Dom kaa KUSHOTO.

Sasa jua, hili watu hawalifikirii kabisa. Mwezi wa sita jua linakuwa kaskazini yetu, maana yake upande wa Uluguru hauna mwanga wa kukupiga machoni na picha zinatoka safi kwenda na kurudi. Desemba linahamia kusini, hapo upande huo huo ndo unachomwa nalo, ila bado mimi ningekaa huko huko maana mlima hauhami. Chagua ndege ya asubuhi ukiweza, mchana mawingu yanajijenga juu ya milima na kile kilele ulichokilipia nauli hukioni. Na kama unataka kuiona Dodoma ya kijani panda Februari au Machi mvua zikiwa zimekolea, ukija Septemba utakuta ardhi nyekundu, mito ya mchanga mtupu na vumbi hewani, nayo ina uzuri wake lakini huoni mbali.

Halafu uliza ni ndege gani. Zile za pangaboi (propela) watu wanazidharau lakini kwa kuangalia chini hazina mpinzani! Bombadia na ATR mabawa yako juu ya dirisha kwa hiyo ardhi yote unaiona, epuka tu safu za katikati ambako injini imening'inia. Ila kama una mtoto kwenye Bombadia mkalishe hapo hapo karibu na injini, tairi linatokea humo kabla ya kutua na atalifurahia sana. Airbus A220 bawa liko chini, kaa mbele ya bawa, nyuma yake joto la injini linafanya picha ionekane kama inachezacheza. Siti zake kushoto ni mbili na kulia ni tatu, kwa hiyo mkiwa wawili mnaenda Dar upande mzuri mtakuwa na mtu wa tatu. Boeing 737 nayo kuwa makini, kuna safu upande wa kushoto kabla ya bawa haina dirisha, ni ukuta tu kwa sababu bomba la hewa linapita hapo.

Ukicheki-in onlaini herufi A ni dirisha la kushoto na herufi ya mwisho ni la kulia. Kaunta sema hivi hivi: "Naomba dirishani, upande wa kulia, mbali na bawa." Wahi, hizo siti zinaisha mapema.

Kama unarukia uwanja wa mjini usianze kuchezea simu, dakika za mwanzo ndo unaona majabali, mapaa ya nyumba na vilima vya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kwa karibu, baada ya hapo unapanda juu vinakuwa vidogo.

Ukiunganisha Dar kwenda KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kaa kulia pia, Usambara, Pare na Kilimanjaro vyote viko huko, kurudi ni kushoto. Pakua ramani ya ofulaini kabla hujatoka nyumbani, GPS inafanya kazi hata simu ikiwa kwenye hali ya ndege, ishike tu karibu na kioo na utajua ule mlima unaitwaje. Wakati wa kupiga picha usiigandamize simu kwenye kioo, kinatetemeka, acha nafasi ndogo na zima flashi.