Brussels kwa siku tatu na watoto wadogo: mwongozo kwa familia inayoishi Ujerumani

Mtoto wa miaka mitatu hutembea vizuri kwa kama saa mbili asubuhi, akiwa ameshiba na usingizi bado haujamshika. Muda huo ukipita, hata umsimamishe mbele ya jumba zuri kuliko yote duniani, atataka kubebwa. Safari nyingi huharibika kwa sababu wazazi hupanga vitu vinne kwa siku na kuisahau saa hiyo. Hapa tumepanga kitu kikubwa kimoja tu kwa siku, na kimewekwa asubuhi. Mchana umeachiwa usingizi, na jioni uwanja wa michezo.

Mfano wetu ni safari kutoka Köln hadi Brussels, Ijumaa hadi Jumapili, na watoto wa mwaka mmoja hadi saba. Treni ya moja kwa moja hutumia chini ya saa mbili kidogo, chakula cha nyumbani kinapatikana, na pembezoni mwa jiji iko Tervuren, penye Makumbusho ya Afrika, mahali ambapo mtoto wa Kiafrika anayekulia Ulaya anastahili kufikishwa na wazazi wake. Mtoto aliyeanza shule Ujerumani hawezi kukosa Ijumaa kwa ajili ya matembezi, kwani sheria ya kuhudhuria shule ni kali na faini zipo. Kwa hiyo msubiri likizo.

Karatasi kabla ya tiketi

Kibali cha ukaazi cha Ujerumani kilicho hai, pamoja na pasipoti iliyo hai, vinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zinazotambuliana viza na vibali) bila viza hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa na Uswisi zimo. Uingereza na Ireland hazimo. Kwenye kituo cha Brussels mtakachoshukia mtaona treni za kwenda London, lakini ukaguzi wa Uingereza hufanyika hapohapo kabla ya kupanda, na kadi ya Ujerumani haitawavusha.

Kila mtoto, hata mchanga, awe na pasipoti yake na kibali chake. Msibebe nakala peke yake. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na mnaporudi polisi wanaweza kupanda treni pale Aachen, mji wa mpakani. Kama kibali kimeisha na mnashikilia karatasi ya muda tu, ulizeni kwanza ofisi ya wageni ya mji wenu. Hati ya anayesubiri uamuzi wa hifadhi haimruhusu kutoka nje ya Ujerumani.

Jambo linalotusumbua zaidi sisi ni majina. Kwetu mtoto mara nyingi hubeba jina la baba au la babu, kwa hiyo jina lake la mwisho halifanani na la mama, na pengine hata la baba halifanani. Afisa asiyejua desturi hiyo ataona mtu mzima na mtoto asiye wake. Bebeni cheti cha kuzaliwa, na kama kiko kwa Kiswahili, beba na tafsiri yake. Mzazi anayesafiri peke yake awe na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake yenye majina kamili, namba za pasipoti, tarehe za safari, mnakokwenda, namba ya simu na sahihi. Iambatane na nakala ya kitambulisho cha aliyeisaini.

Kwa matibabu, geuza kadi yako ya bima ya afya ya umma ya Ujerumani: upande wa nyuma ndio kadi ya bima ya Ulaya, na Ubelgiji inakubalika. Usiizoee tu ukadhani inafanya kazi kila mahali. Kwa wasio raia wa Umoja wa Ulaya, kwa kawaida haitumiki Denmark wala Uswisi. Huko nunueni bima ya safari. Namba ya dharura kote ni 112.

Tiketi na behewa

Saa zote humu ni za Kiswahili. Kwenye tiketi, saa 3:43 asubuhi imeandikwa 9:43, na saa 9:43 alasiri imeandikwa 15:43. Mzazi aliyechoka akiisoma 9:43 kama saa tisa, atafika kituoni muda wa saa sita baada ya treni kuondoka.

Kwenye ICE, treni ya mwendo kasi ya reli ya Ujerumani, watoto chini ya miaka 6 hawalipi wala hawahitaji tiketi. Wa miaka 6 hadi 14 husafiri bure na mtu mzima, lakini idadi yao lazima iandikwe wakati wa kununua. Kusafiri bure hakumpi mtoto kiti, kwa hiyo lipieni nafasi hata kwa mdogo. Mtoto wa kilo 14 akikaa mapajani toka Köln hadi Brussels, mnafika wote mmechoka. Eurostar, treni ya kampuni nyingine, nayo hupita njia hiyo, ila watoto kuanzia miaka 4 hulipa nauli yao. Familia ya watoto watatu itaona tofauti kubwa.

Wakati wa kuchagua viti, tafuteni Kleinkindabteil, chumba kidogo cha familia zenye watoto wadogo, chenye mlango wa kufunga na nafasi ya kigari cha mtoto. Viko vichache kwa kila treni na huwahiwa.

Siku ya safari, angalieni kwenye ubao wa jukwaani behewa lenu litasimama kwenye herufi gani. Kisha simameni katikati ya jukwaa. Mara kwa mara ICE huja imegeuka mbele nyuma: behewa la mbele liko nyuma, kwa sababu treni ilipitishwa njia nyingine na ikaingia kituoni kwa upande wa pili. Waliosubiri kwenye ncha moja watakimbia urefu wote wa treni na kigari mkononi. Aliye katikati atatembea nusu tu.

Mlangoni kuna utaratibu mmoja, na msiuvunje hata mkiwa na haraka. Mtu mzima wa kwanza anapanda na begi. Wa pili anampa watoto mmoja mmoja, kisha kigari kilichokunjwa, halafu anapanda yeye. Mtoto asiwe peke yake ndani wala nje, hata kwa sekunde, maana milango hujifunga. Mzazi aliye peke yake amshike mtoto na kumwomba abiria ainue kigari. Watu husaidia wakiombwa waziwazi.

Mzigo

Begi moja la mgongoni kwa kila mtu mzima, na kigari kinachokunjika kwa mkono mmoja. Kile kikubwa cha magurudumu manne mapana kiacheni nyumbani. Brussels ni jiji la vilima na barabara za mawe, na vituo vingine vya metro lifti zake hazifanyi kazi siku unayozihitaji. Mbeleko ya kanga au kitenge ndiyo itakayowaokoa hapo, na ndani ya makumbusho pia, kwani mengi hayapokei vibebeo vyenye fremu ya chuma. Baadhi hutaka mtoto abebwe mbele, si mgongoni, asije akagonga vitu. Jueni kuifunga kwa namna zote mbili.

Nepi sita kwa siku kwa mtoto chini ya mwaka, nne au tano kwa mkubwa zaidi, na mbili za akiba. Nguo pea mbili za ziada kwa kila mtoto, na fulana moja ya ziada kwa atakayempakata. Sarafu za senti 50 na za euro moja ziwe mfukoni, kwa sababu choo cha kituoni hulipiwa na mtoto wa miaka minne hawezi kusubiri mchenji.

Uji kwenye themosi hufaa sana, ila uwe wa moto kwelikweli. Ijazeni themosi maji yanayochemka, yaacheni humo dakika kumi, myamwage, ndipo mmimine uji unaotokota. Uliobaki vuguvugu kwa zaidi ya saa mbili mwageni, maana bakteria hustawi kwenye joto hilo, na kuhara safarini ni balaa. Chapati, viazi vya kuchemsha na ndizi havina shida. Maji ya bomba Ubelgiji yanafaa kunywewa.

Bebeni pia kanga mbili na vibanio vya nguo. Mwezi Juni jua la Brussels huzama karibu saa 4 usiku, na mtoto halali penye mwanga. Zibeni dirisha. Desemba ni kinyume chake: giza linaingia kabla ya saa 11 jioni, kwa hiyo uwanja wa michezo uwe mapema.

Malazi yawe na jiko dogo na lifti. Ulizeni habari ya lifti kwa maandishi. Nyumba za zamani za Brussels zina ngazi nyembamba na kali, na ghorofa ya nne na kigari si mchezo.

Ijumaa: kufika

Vituo vya Brussels vina majina mawili, la Kifaransa na la Kiholanzi. Bruxelles-Midi na Brussel-Zuid ni kituo kimoja. ICE husimama kituo cha Nord kisha Midi, haisimami kituo cha kati. Midi ina wezi wa mifukoni, na hulenga hasa mtu aliyeinama kumfunga mtoto mkanda, kwa hiyo pasipoti zikae kifuani chini ya nguo. Kila asubuhi mpigeni mtoto picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo, na mwandikieni namba ya simu kwenye mkono, ianze na +49.

Alasiri hiyo Grand-Place, uwanja mkuu wa kale wa jiji, inatosha, kisha bustani ya Parc de Bruxelles yenye uwanja wa michezo. Manneken Pis ni kisanamu kidogo sana chenye umati mbele yake. Mbebeni mtoto mabegani, aone, mwondoke.

Jumamosi: Tervuren

Kutoka Gare Centrale, yaani kituo cha kati, pandeni metro namba 1 ya kuelekea Stockel, mshuke Montgomery. Hapohapo chini ya ardhi pandeni tramu namba 44 hadi mwisho wa njia. Inapita kandokando ya msitu wa Soignes, na kwa watoto wengi safari yenyewe ndiyo raha. Hakikisheni asubuhi kwamba njia haiko kwenye matengenezo.

Makumbusho ya Afrika hufunguliwa saa 4 asubuhi Jumamosi na hufungwa Jumatatu. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Anzeni na mtumbwi mrefu uliochongwa kwa gogo moja, una mita zaidi ya 22. Mwambieni mtoto autembee toka ncha hadi ncha akihesabu hatua. Kisha ala za muziki na wanyama. Saa moja na nusu inatosha. Msijaribu kumaliza jengo.

Mtoto wa miaka sita au saba atauliza vitu hivi vimefikaje hapa. Mjibuni kweli na kwa ufupi: Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, aliitawala Congo kama mali yake kuanzia 1885 hadi 1908, na vitu vingi vilichukuliwa wakati huo na katika ukoloni uliofuata. Kwenye bustani ya makumbusho haya mwaka 1897 waliletwa Wakongo 267 wakawekwa kwenye vijiji vya maonyesho watazamwe. Saba walifariki, na makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren, mwendo mfupi kwa miguu. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Kwa maoni yetu, mtoto wa miaka saba anaweza kusimama pale na kuyasoma kwa sauti. Mdogo zaidi mwacheni acheze bustanini, mzazi mmoja abaki naye.

Panda tramu ya kurudi saa ileile mtoto anayosinzia kila siku. Msimwamshe Montgomery: mbeleko ni kwa ajili hiyo.

Jumapili: mijusi mikubwa na Matonge

Acheni mizigo mapokezi. Makumbusho ya sayansi asilia, karibu na kituo cha Bruxelles-Luxembourg, yana mifupa ya iguanodoni, aina ya dinosaria, waliochimbuliwa na wachimba makaa ya mawe huko Bernissart mwaka 1878. Mifupa imesimamishwa nyuma ya kioo kikubwa, na hata mtoto wa miaka miwili huielewa bila maelezo. Haya nayo hufungwa Jumatatu.

Mkitoka, fuateni Chaussée de Wavre kuelekea Porte de Namur, kama dakika ishirini kwa hatua za mtoto, mtafika Matonge, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Sombe, au kisamvu kwa wa Tanzania, samaki wa kuchoma na wali vinapatikana. Agizeni mapema, kabla njaa haijamshika mtoto, kwa sababu samaki huchomwa mkishaagiza na dakika arobaini ni kawaida. Anayetaka nyama ya halali aulize kabla ya kukaa.

Chagueni treni ya kurudi ambayo si ya mwisho. Ikichelewa, mtakuwa na nyingine baada yake. Kuchelewa kufika kwa dakika 60 au zaidi kunawapa haki ya kurudishiwa robo ya nauli, na dakika 120 au zaidi, nusu, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa reli. Madai yanapelekwa ndani ya miezi mitatu, na kiasi kisichofika euro 4 hakilipwi. Pigeni picha ubao wa kituoni unaoonyesha ucheleweshaji, kisha ujazeni fomu siku hiyohiyo, watoto wakishalala.