Kabla hujalipia mashua ya mtu, toa farumi

Mtu akiniambia kapata mashua iliyotumika kwa bei nzuri, namuuliza kwanza ni nani aliyeiona ngama yake, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, iliyofunikwa na farumi, mizigo ya kukipa uzito kisiyumbe. Wengi hunijibu kwa kunisifia rangi. Kwa hiyo nayaandika haya, anayetaka kununua chombo cha mbao ayasome kabla hajatoa hata arubuni.

Karatasi. Jina la muuzaji liwe ndilo lililo kwenye usajili, na mkataba uandikwe mbele ya sheha, au mwenyekiti wa mtaa kama uko bara. Chombo cha urithi kinataka sahihi za warithi wote. Ukiambiwa "ndugu zangu wanajua," waite hao ndugu.

Kakitazame maji yakiwa yamekupwa, na bora ziwe siku za bamvua, maana Unguja maji hupanda na kushuka hadi kiasi cha mita 4, chombo kikabaki mchangani na mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ukaonekana wote kuanzia omo ya mbele hadi tezi ya nyuma. Nenda na fundi wako. Muuzaji asikuchagulie fundi.

Tanga lifungue lote juani. Mlingoti na foromali, mti unaoshika tanga, vitazame nyufa. Amari, kamba ya nanga, ikiwa imechakaa usiipokee. Kama kuna mashine, linganisha namba yake na risiti, iwashe ikiwa majini, uone inatema maji ya kupoza.

Mbao zigonge kwa nyundo, moja moja. Ubao mzima hulia kikavu, uliooza hujibu kwa mdundo uliokufa. Tundu dogo kama la sindano usilidharau: mdudu wa baharini anayekula mbao huingia akiwa mdogo mno, kisha hunenepea ndani akichimba njia ndefu, na nje huoni kitu. Ndiyo maana wazee hawakuchoka kukichoma chombo tumbo na kukipaka deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Uliza kilipakwa lini mara ya mwisho. Asiyekumbuka hajapaka.

Sasa ngama, ambako mimi niliumia.

Mashua yangu ya kwanza niliinunua kijiji kimoja cha kaskazini Unguja. Ilikuwa imekaa juu miezi kadhaa, rangi ya buluu bado inanukia. Tulipoishusha, maji yakaanza kuingia. Nikamtazama mzee mwenye chombo. "Mwanangu, ubao mkavu huo," akaniambia. "Ukinywa maji utakaza." Na hilo ni kweli: chombo kikikaa juani mbao husinyaa, na kikirudi majini huvuja siku moja mbili mpaka mbao zivimbe na kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, ibane. Kwa kuwa nililijua, nikaridhika. "Inshallah, baba," nikasema, nikahesabu pesa.

Siku ya pili maji yalipungua. Nikafurahi. Lakini hayakukoma. Wiki ya tatu tulikuwa tunatoka kuvua nje ya Tumbatu, kusi limechachamaa, na kijana wangu anafua maji, anayatoa nje kwa upo bila kupumzika. Akainua uso: "Kaka, nafua lakini hayapungui." Tukageuza omo kutafuta mchanga wa karibu. Tulifika maji yakiwa magotini, watu wote wazima, Alhamdulillahi.

Yalipokupwa tukatoa farumi, mawe na mifuko ya mchanga niliyoinunua pamoja na chombo bila kuisogeza. Chini yake palikuwa na saruji. Mtu alikuwa ameimimina kando ya mkuku, kutoka taruma la tatu hadi la saba, hizo mbavu za chombo, imekaa kama sakafu ya nyumba. Fundi alipoivunja kwa patasi, ubao ulitoka mkononi kama mkate uliolowa, na misumari imebaki kutu tupu. Ubao huvimba na kusinyaa, saruji haiwezi. Hubaki ufa kati yao, maji ya mvua yakaingia humo yakakosa pa kutokea, na maji baridi, yasiyo na chumvi, huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Tulibadili mbao nne na mataruma matano. Gharama ilikaribia bei niliyonunulia.

Basi toa farumi. Yote, hata ikichukua asubuhi nzima na muuzaji akakununia. Chomeka bisibisi pale kila taruma linapokutana na mkuku, ikizama, ondoka. Ukikuta saruji, ondoka hata kama bisibisi haijazama. Waliosema tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa watu wa vyombo: maji yakiingia popote, mwisho wake ni pale.

Kisha kilaze majini, ulale papo hapo au umlaze mtu unayemwamini, ili asije mtu akafua maji alfajiri kabla hujaamka. Usiku mmoja hautoshi. Kuvuja kunakopungua mpaka kukakoma ni ubao mkavu. Kunakopungua na kubaki ni ugonjwa.

Majaketi ya kuokolea maisha yawe sawa na idadi ya watu, si pungufu hata moja. Sisi wa kaskazini hatuhitaji kukumbushwa, tangu MV Spice Islander I ilipozama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, Septemba 2011. Na safari ya kukipeleka kwenu iwe ya mchana, karibu na pwani, bila mzigo. Usiende peke yako. Chukua ndoo mbili, simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usioingia maji, na nyumbani wajue saa unayotarajia kufika na wampigie nani usipofika.