Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutuma Picha Jaridani

Anza na ukubwa, na hapa hakuna mjadala. Majarida mengi huchapa picha kwa nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya kujaza ukurasa wa A4 inahitaji pikseli (vinukta vinavyounda picha) 2480 kwa 3508, na ikiwa itafika hadi ukingoni, iongezewe milimita 3 kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia karatasi huyumba kidogo. Picha yenye pikseli 1600 kwenye upande wake mrefu haifikishi hata sentimita 14. Kuivuta kwa programu hakutaleta kitu ambacho kamera haikukiona.

Usiitume kwa WhatsApp kama picha. Itume kama hati, au kwa barua pepe. Faili asili usiiguse, fanya kazi kwenye nakala, wala usihifadhi JPEG ileile mara kumi, maana kila inapohifadhiwa upya hupoteza kitu.

Kuhusu rangi, skrini huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mtambo wa uchapaji hutumia wino wa samawati, magenta, manjano na mweusi. Ndiyo maana buluu ya Ziwa Kivu inayong'aa kwenye kompyuta hufifia karatasini. Usibadilishe mfumo wa rangi kwa kubahatisha. Mwulize kwanza mhariri anataka nini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifedhehesha. Nilikuwa nimepewa kazi ya kupiga picha akina mama wanaovunja mawe ya lava kuwa kokoto hapa Goma. Anayeujua mji wetu anajua weusi wa ardhi yake: tunajenga juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo na kwa mawe ya Nyiragongo, na lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Nilimpiga picha mama mmoja ameketi mbele ya ukuta wa mawe hayo, amejifunga kitenge cha buluu iliyokolea, nyundo mkononi, jua likiwa nyuma yake. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, nami nikaishughulikia picha gizani, kwenye kompyuta iliyobakiwa na chaji kidogo, mwangaza wa skrini nikiwa nimeupandisha hadi mwisho. Niliona kila kunyanzi la uso wake. Nikafurahi, nikaongeza weusi kidogo ili picha «iwe na nguvu», nikatuma.

Jarida lilipotoka nilimpelekea nakala yake. Alilitazama, akaligeuza kuelekea mlangoni kwenye mwanga, kisha akaniuliza kwa upole: «Mwanangu, sasa mimi niko wapi hapa?» Kilichoonekana ni mpini wa nyundo na ukingo mwembamba wa mwanga begani. Uso, kitenge na ukuta vilikuwa vimeungana kuwa bamba moja la giza.

Mchapaji hakuwa na kosa. Wino ukigusa karatasi huenea, na nukta iliyopangwa kufunika asilimia 50 ya eneo lake inaweza kufunika 65 au zaidi, hasa kwenye karatasi isiyong'aa, inayonyonya. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi inasubiri mwanga wa chumba cha msomaji. Basi punguza mwangaza wa skrini hadi ukaribiane na karatasi nyeupe uliyoiweka kando yake, fungua vivuli vya uso kuliko macho yako yanavyotaka, kisha uchape jaribio moja kwenye karatasi ya kawaida na kulitazama mchana, karibu na dirisha. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na swali la yule mama. Tena, penye ukuta mweusi, mgeuze mtu wako aelekee kwenye mwanga kabla hujabonyeza; hilo ningelifanya siku ileile bila kompyuta yoyote.

Maelezo ya picha yaandikwe siku ya kupiga: nani, wapi, lini, anafanya nini. Jina la mtu mwache aliandike mwenyewe daftarini mwako, kwa sababu herufi moja ikikosewa huwezi kuifuta kwenye nakala zilizokwisha kuchapwa. Omba ridhaa yake, umweleze kwamba ni jarida litakalosomwa na watu asiowajua. Kwa mtoto, zungumza na mzazi. Kubaliana kwa maandishi kama picha itatumika mara moja tu au tena baadaye, na jina lako litaandikwaje.

Kamera usiielekeze kwa askari, mpakani wala uwanja wa ndege, na kibali chako kiwe mfukoni hata pale unapodhani hakuna atakayekiuliza. Beba betri ya akiba. Weka nakala mahali pawili, moja ikiwa nje ya nyumba yako. Tuma siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, maana mtandao huanguka jioni ileile unayouhitaji, kisha mpigie mhariri simu umwulize kama faili zimefunguka, zote, na kama idadi aliyonayo ni ileile uliyotuma.