Thamostati ya kupangia saa kwa kiyoyozi cha nyumbani

Kabla ya kuagiza thamostati (kidhibiti joto) ya ukutani kutoka nje, soma volti zake. Za Marekani, zile zenye vituo vya waya R, C, Y, W na G, hutumia volti 24. Ukiziunga na umeme wetu wa volti 230 zinaungua papo hapo. Transfoma nayo haisaidii, kwani kiyoyozi cha kawaida cha ukutani, Unguja na Pemba, hakina pa kuunga waya hizo. Kinasikiliza rimoti tu.

Anza basi na rimoti uliyonayo. Washa taima, kiache kiyoyozi kifanye kazi, kisha zima swichi yake kuu kwa dakika 5 na uwashe tena. Kikirudi chenyewe na taima ikabaki, huenda huna haja ya kununua kitu. Vingi hurudi lakini taima hufutika, na umeme ukikatika usiku ratiba imekwenda. Tazama pia kama rimoti ina kitufe cha Follow Me au I Feel: hapo joto hupimwa pale ilipo rimoti, si juu karibu na dari ambako hewa ya moto hukusanyika.

Kama haitoshi, nunua kifaa kinachoiga rimoti kupitia Wi-Fi, mfano Sensibo au Broadlink RM4. Sensibo hupima joto na unyevu ndani yake. RM4 huhitaji waya wake maalumu wenye kipimo. Unyevu usiudharau: wakati wa masika chumba cha nyuzi 26 kinaweza kukera kuliko cha 28 kilicho kikavu. Muulize muuzaji ratiba inahifadhiwa wapi. Ikiwa ni kwenye intaneti, bando likiisha nayo inalala. Ruta iwe na masafa ya GHz 2.4.

Soketi ya taima iache kwa feni. Huikatia kompresa umeme ghafla, na ile ya ampea 10 huweza kupata moto na kuyeyuka.

Kifaa kiweke kama mita 1.5 kutoka sakafuni, kikione kiyoyozi bila pazia katikati, kisipigwe na upepo wake wala jua la jioni. Chagua saa za Dar es Salaam, na saa 3 usiku iandike 21:00; ukiandika 03:00 utalala na joto mpaka saa 9 za usiku. Ratiba nzuri ya kuanzia: nyuzi 25 saa 3 usiku, 27 saa 8 usiku, kuzima saa 11 alfajiri. Tofauti kati ya joto la kuwasha na la kuzima isipungue digrii 1, la sivyo kompresa itawaka na kuzima kila mara.

Soma uniti za TUKUZA (mita ya umeme wa kulipia kabla) kabla ya kulala na ukiamka, ulinganishe usiku wa ratiba na usiku usio na ratiba, hali ya hewa ikiwa sawa.