Namna ya kumwandaa mtoto kutamba hadithi saa tano asubuhi

Bibi yangu hakututambia hadithi hata moja kabla ya Isha. Tukimsumbua mchana alituambia tutaota pembe, nasi tukijipapasa vichwa. Sasa mimi ni mwalimu mstaafu wa Kilifi, na kwa miaka mingi kazi yangu muhula wa kwanza ilikuwa kuwapeleka watoto kwenye tamasha la drama, kitengo cha masimulizi, ambako mtoto huitwa jukwaani saa tano asubuhi, jua limesimama juu ya mabati, na mbele yake waamuzi wameinamia karatasi za alama. Hadithi ni kitu cha usiku. Ukinielewa hapo, mengine yote ninayokuambia ni njia za kuuleta usiku ukumbini.

Anza na hadithi yenyewe. Usimpe mtoto hadithi uliyoitunga juzi kwa ajili ya maudhui ya mwaka huu, ufisadi na mazingira vikiwa vimebandikwa juu kama stempu. Mwulize nyumbani kwao wanatamba nini. Nikikosa kabisa, mimi hurudi kwa Sungura, Buku na Simba (buku ni yule panya mkubwa), kwa sababu ina mti mmoja, wanyama watatu na woga mwingi.

Kisha isimame kwenye vidole vitano. Gumba: Sungura anasikia harufu ya asali kwenye mbuyu. Cha shahada: anamshawishi Buku wapande pamoja, na mwenge wa kufukuzia nyuki. Cha kati: Simba, mwenye asali, anafika chini. Cha pete: Sungura anajiviringisha ndani ya nyasi kavu, Buku anazitupa chini, Sungura anatoka mbio. Cha mwisho: Buku amebaki juu peke yake, na Simba anamwambia ashuke. Basi. Mtoto akishika vidole vyake, mwache aitambe kwa maneno yake, leo hivi na kesho vile. Mwambie aitambe akichota maji, aitambe kwa mdogo wake, aitambe kwa nyanya yake ambaye atamkatiza katikati na kumuuliza huyo Buku ni mtoto wa nani.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja nilimkaririsha msichana wa darasa la sita kurasa tatu, neno kwa neno, na alizijua kama jina lake. Tulipofika ngazi ya kaunti, simu ya mtu ikalia ukumbini. Akasimama kwenye neno "ndipo". Ndipo. Ndipo. Akanitazama, nami sikuwa na la kumpa, maana kurasa zilikuwa kwenye mkoba wangu wala si kichwani mwake. Alilia ndani ya matatu mpaka tukavuka daraja la Kilifi. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sikuandikia mtoto hadithi tena.

Mwito wa kuanzia ndio mlango, na wengi huupita mbio. "Hadithi! Hadithi!" wakajibu "Hadithi njoo!" ndio unaojulikana shuleni kote. "Paukwa!" na "Pakawa!" ni wetu zaidi huku Pwani. Kuna na ule mrefu wa kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa. Mtoto aliyekua akiusikia nyumbani autumie, lakini aliyefundishwa wiki iliyopita aachane nao, utasikika kama tangazo. Kumbuka pia nani amekaa pale. Kwenye tamasha la kanda wapo watoto wa kaunti zote sita, Taita Taveta mpaka Lamu, na walimu waliotoka bara. Mjaluo amezoea hadithi inayofungwa kwa "Thu tinda", Mkikuyu amezoea kuitikia "Itha". Si kwamba hawataki kujibu. Hawajajua wanajibu nini.

Kwa hivyo wasipojibu, asiwagombeze. Lile la "Siwasikiiii! Mmelala?" ni la washereheshaji wa harusi, na mimi nalichukia. Afanye kinyume: asogee hatua moja mbele, ashushe sauti, atege kitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Ukumbi mzima utapiga kelele "Yai!" kwa sababu hakuna asiyekijua, na ndiyo maana umekichagua. Kigumu kitawafanya wakupe mji, na dakika zako zitaishia safarini. Kuhusu dakika, soma mwongozo wa mwaka huo mwenyewe. Usitegemee alichokuambia mwalimu wa shule jirani.

Sasa Simba. Kila mtoto akiambiwa awe Simba hunguruma, na kila mwaka waamuzi husikia ngurumo kumi na tano kabla ya chakula cha mchana. Wangu nawafundisha hivi. Simba amefika chini ya mbuyu wake. Ananusa. Mara ya kwanza anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuta viatu asivyovijua mlangoni: "Nani huko juu?" Kimya. Mara ya pili taratibu zaidi: "Nani... huko juu?" Mara ya tatu karibu asisikike, na macho yapande polepole kutoka shinani mpaka kwenye tawi, yasimame hapo. Mtoto ahesabu moja mpaka nne moyoni kabla Buku hajajibu. Hesabu hiyo ndiyo ngumu kuliko yote, wengi hufika mbili. Lakini akifika nne utaona watu wa nyuma kabisa wakiinua vichwa kutazama paa, wakimtafuta Buku kwenye mabati. Hapo usiku umeingia.

Wimbo uwe mfupi kiasi cha kushikwa kwa kusikia mara moja. Wetu ulikuwa: "Asali ni ya nani?" ukumbi ukajibu "Ya Simba!" "Na mlaji ni nani?" "Sijui!" Mtoto aufundishe mapema, kabla Sungura hajapanda, asije akausimamisha mkasa katikati kufundisha watu kuimba. Na ule wa mwisho, Buku akiwa peke yake juu, auimbe yeye pole pole. Ukumbi utajibu "Sijui" kwa sauti ndogo bila kuambiwa.

Mavazi: leso moja, yaani khanga, inatosha. Begani ni bibi, kichwani ni mzigo wa nyasi, sakafuni ni mbuyu. Manyoya ya Simba ya katani huwasha na mtoto atajikuna mbele ya waamuzi. Maji ya vuguvugu asubuhi, chai na mkate, bhajia zingoje jioni.

Akimaliza, afunge kwa ile ya wazee: hadithi yangu imeishia hapo, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu. Asiwatazame waamuzi akiisema. Awatazame wale watoto wa safu ya mbele waliokaa sakafuni, achukue leso yake, ashuke kwa miguu ya kawaida. Wewe msubiri pembeni na chupa ya maji, na usimwambie chochote kuhusu alama mpaka mle chakula.