Kabla ya Kuwasha Injini ya Boti: Mambo ya Kuzingatia

Boti ndogo ya injini haikupi nafasi ya kufikiri. Mtu akianguka majini ikiwa kasi, au injini ikizimika huku upepo unazidi, utakachokuwa nacho ni kile tu ulichokiandaa ungali nchi kavu. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike ufukweni, taratibu, hata kama abiria wameanza kunung'unika.

Anza na majaketi ya kuokolea maisha. Yatoshe idadi ya watu, na kila moja limkae vizuri anayelivaa. Mtoto mvalishe, funga vifungo vyote, kisha shika jaketi mabegani ulivute juu. Likimpanda hadi masikioni, halimfai, kwani majini litamvuka kichwa. Na yavaliwe tangu mnaondoka. Jaketi lililosukumwa chini ya kiti halimsaidii aliyerushwa ghafla, na kulivaa ukiwa umeshaingia kwenye mawimbi ni kazi ngumu hata kwa muogeleaji hodari.

Kinachopuuzwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile kamba fupi ya kuzimia injini. Ncha moja huchomekwa kwenye swichi, nyingine hufungwa kwenye mkono, paja au jaketi la nahodha. Nahodha akirushwa, kamba huchomoka na injini huzima. Asipoifunga, boti inaweza kuendelea peke yake, ikazunguka na kurudi pale pale alipoangukia, propela ikikata maji. Ijaribu kila safari: washa injini, vuta kamba, uone kama inazima kweli. Isipozima, safari haipo mpaka itengenezwe.

Mafuta yapigiwe hesabu ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Usiione akiba kuwa ni nyingi. Kurudi dhidi ya upepo na mkondo hula mafuta kuliko kwenda. Tangi la kubebeka lijazie nje ya boti, limewekwa chini, injini imezimwa na hakuna anayevuta sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni mwa boti na kusubiri cheche moja tu. Ukisikia harufu yake, usiwashe chochote. Tafuta kwanza inakotoka, kisha acha boti ipigwe na upepo mpaka harufu iishe.

Hakikisha kizibo cha tundu la kutolea maji kimekazwa kabla boti haijashushwa. Ni kitu kidogo kuliko kidole gumba, lakini kikisahauliwa maji huanza kuingia mara moja. Uzito usizidi kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, mizigo ikae chini na katikati, na abiria wasisimamesimame.

Pakia pia makasia, chombo cha kuchotea maji, filimbi, tochi na maji ya kunywa. Nanga iwe na kamba ndefu, mara 5 hadi 7 ya kina cha maji. Kamba fupi huinua nanga badala ya kuiacha ing'ate. Simu iwe kwenye mfuko usiopenya maji. Kama una redio ya VHF, yaani redio ya mawasiliano ya vyombo vya majini, kila aliyemo ajue kuwa wito wa dharura hupigwa kupitia chaneli 16.

Soma utabiri wa hali ya hewa asubuhi hiyo hiyo, si wa jana. Kisha mwachie mtu wa nchi kavu habari kamili: mko wangapi, mnaelekea wapi, mtarudi saa ngapi, na ampigie nani mkichelewa.

Sasa washa injini, boti ikiwa bado imefungwa. Injini nyingi za nje, zile zinazofungwa nyuma ya boti, hutoa mchirizi wa maji pembeni, dalili kwamba pampu ya kupoza inafanya kazi. Mchirizi usipoonekana, au ukiwa dhaifu, zima na ukague tundu la kuingizia maji kwenye injini: huenda limezibwa na mchanga, majani au kipande cha plastiki.